Chiriku na Upande wa Kulia

9 Januari

Wifi,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu umenizidi umri, tafadhali usiichukue kwa maana nyingine yoyote.

Sisi huku wazima. Mdogo wako mgongo umetulia tangu walipompa msaidizi wa kubeba vifaa. Siku hizi kazi yake ni kupanda lifti na kushuka nayo akiisikiliza inavyonguruma, halafu anarudi nyumbani anajitupa kwenye kochi ananiambia amechoka. Dukani kwetu miwani inauzika. Juzi alikuja mzee mmoja akachagua fremu yenye maua pembeni. Nikamwambia, baba, hiyo ni ya akina mama. Akanijibu mradi anaona. Nimemtengenezea, na kusema kweli imempendeza kuliko wengi wenye maua yao.

Barua hii umeipata kwa mkono wa dereva wenu wa gari la vifaranga, na ndivyo tutakavyokuwa tunafanya. Mdogo wako ameamua. Anasema mimi na wewe tukipigiana simu tunabishana kabla hata ya kujuliana hali, halafu yeye ndiye anayebaki na mtu aliyenuna jikoni. Isitoshe, huko kwenu mtandao unashika vizuri mtu akipanda juu ya tangi la maji, na kwa huo mwili uliojaliwa, wifi, tangi lenyewe litaomba likizo. Basi tuandikiane.

Neno lenyewe ni hili. Chiriku anaanza tuisheni. Mwezi wa nne kuna mtihani wa kuingia darasa la vipaji, lile la shule kubwa yenye uzio wa kijani, na mimi nataka binti yangu aingie. Nimepata mwalimu ambaye watoto wanamwita Mama Saa, maana hafundishi bila saa ya kuhesabia mkononi. Mapacha wa jirani yetu wa ghorofa ya juu, yule mke wa daktari wa meno, wamepita kwake wote wawili wakafaulu. Tangu hapo huwezi kupishana na mama yao ngazini bila kuletewa habari zao.

Kwa hiyo ile likizo uliyomwahidi mtoto, ya kuja kwako mwezi wa nne, haitawezekana. Atakuwa kwenye mazoezi. Najua utakasirika, na najua utaniletea mfano wa kifaranga na ganda la yai. Nakuomba kwa heshima zote: jibu lako lisiwe na kifaranga hata mmoja.

Mama yake Chiriku


27 Januari

Mke wa mdogo wangu,

Marahaba, ingawa umeitoa kama mtu anayetema mbegu.

Mimi mzima. Wanangu wamenipigia mwaka mpya, mmoja mmoja, kila mmoja ana haraka. Huku kiwandani mashine ya pili ya kutotolea mayai ilizidisha joto wiki iliyopita, tukawapata wale uliowakataza siku moja kabla ya wakati wao. Walitoka wamelowa, wanayumba, hawajui waende wapi. Lakini mimi sisemi kitu. Nimekatazwa.

Nimepaka rangi chumba cha nyuma. Sikumpakia mtu yeyote, ukuta ulikuwa mchafu tu.

Haya, turudi kwenye mambo yako. Hebu nieleweshe mimi mtu wa mashine. Mtoto akijibu vizuri maswali ambayo alikwisha kuyaona, hapo anapimwa nani, yeye au Mama Saa? Nilidhani darasa la vipaji ni la kumtafuta mtoto mwenye kipaji. Kumbe mtoto anapelekwa kwanza kwa fundi anapigwa msasa, anapakwa rangi, ndipo anaingizwa ndani wakamshangae jinsi alivyozaliwa anang'aa!

Na huyu tunayemzungumzia si ndiye Chiriku ninayemjua mimi? Aliyeniuliza mbele ya wageni kwa nini kivuli chake hakina vifungo wakati shati lake linavyo? Aliyetaka kujua mtu akipiga mwayo usingizini anaamka au ndiyo kwanza analala zaidi? Huyo ndiye unayempeleka akafundishwe kuwa na akili? Jamani.

Niambie sababu yenyewe. Usinipe ya jirani wa juu. Wewe si mtu wa kushindana na mke wa daktari wa meno, wewe ni mtu wa kumwigiza anavyotembea, nakujua. Kuna kitu hujaniambia. Na mwambie Chiriku aniandikie mwenyewe, kwa mkono wake, hata mistari mitatu.

Wifi yako mwenye mwili uliojaliwa


3 Machi

Wifi mkaidi,

Shikamoo tena, safari hii nimeilainisha kidogo.

Mdogo wako amekwama kwenye lifti aliyoitengeneza yeye mwenyewe, pamoja na bibi mmoja na mbwa wake. Walipofunguliwa yule bibi alikuwa anaujua ukoo wenu mpaka babu wa babu, na mbwa alikuwa amelala kwenye mfuko wa vifaa. Sasa kila akipita jengo lile bibi anamletea maandazi. Mimi maandazi siyaoni, naona makombo kwenye kola.

Umeniuliza sababu. Haya, chukua. Mwalimu wake wa darasani aliniita mwezi wa kumi na mbili. Amemhamishia Chiriku kiti cha nyuma kabisa, pembeni, karibu na mifagio, kwa sababu anauliza sana. Wala hakuniambia kwa ukali. Alisema, "Mama, watoto wamejaa. Nikimjibu huyu mmoja, wenzake hawafiki ukurasa wa pili." Sikuwa na la kumlaumu, alionekana amechoka kuliko mimi. Lakini nilitoka pale roho inaniuma, wifi. Mtoto wangu akae na mifagio kwa kosa la kuuliza? Ndipo nikasema lazima nimtafutie mahali ambapo kuuliza si kosa, na mahali penyewe ni lile darasa.

Na kule hawamchukui mtoto kwa kumtazama usoni. Kuna mtihani, na wote wanaoufanya wamefundishwa. Nikimpeleka wangu hivihivi ni sawa na kumtoa nje mvuani peke yake bila mwavuli, eti tuone kama ngozi yake haipitishi maji. Kosa la nani? Si langu. Mvua sikuinyesha mimi. Wewe cheka, uko mbali, umekauka.

Anaendelea vizuri. Hesabu anapata, maumbo anapata, hadithi anazipanga. Kulikuwa na sehemu moja tu ya ajabu. Kila swali lenye neno "kulia" alikuwa anakosa. Kila moja! Weka alama kwenye picha ya kulia, anaweka ya kushoto. Chora mshale uelekee kulia, mshale unakwenda kushoto bila hata aibu. Mama Saa akasema mtoto ana tatizo la pande. Nikaingiwa na hofu, nikamchukua dukani, nikamkalisha kwenye kiti cha wateja nimpime macho mwenyewe. Nikamwambia, funika jicho la kulia. Akafunika yote mawili. Nikamwambia, acha mchezo, la kulia! Akayafunika tena yote mawili, kwa viganja, kabisa. Wateja wakacheka, mimi nikaona haya, nikamshusha kitini. Hebu fikiri: mimi kutwa kucha ni jicho la kulia, jicho la kushoto, halafu mtoto wangu mwenyewe hajui la kulia ni lipi!

Macho yake hayana kasoro. Mama Saa amemfunga uzi mwekundu mkononi akamwambia, "Upande wa uzi ndio kulia. Basi. Usiulize kwa nini, muda unakwenda." Sasa anapata zote.

Amekuwa mtulivu siku hizi. Anakaa, anaandika, anamaliza, anafunga daftari. Barua yako hajaiandika, amebanwa na mazoezi.

Mama yake Chiriku


11 Machi

Wifi,

Marahaba. Nimecheka mpaka mhasibu akaja kuchungulia kama nimeanguka. Nimecheka nikiwa nimeshika trei ya mayai, na ningeyaangusha ningekutumia wewe hesabu.

Mtoto ni mashoto! Baba yake mashoto, babu yake alikuwa mashoto, na wewe umekaa nao meza moja miaka yote hii hujui wanashika kijiko kwa mkono gani? Sikiliza. Mwaka jana alipokuwa kwangu nilimwambia mezani, kwa mazoea tu ya mdomo, shika kijiko kwa mkono wa kulia. Akanijibu, "Ndio huu." Nikamwambia huo ni wa kushoto. Akaweka kijiko chini kabisa, akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Shangazi, mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Mimi chakula nalia kwa huu. Baba pia analia kwa huu. Wewe wa kulia wako ni huo. Kila mtu ana wake."

Nikamwongezea mchuzi, tukaendelea kula.

Na hilo jicho la kulia, bi mtaalamu wa macho? Hebu litamke tena, polepole. Mtoto analia kwa macho mangapi?

Kwa hiyo usihangaike na tatizo la pande. Shida yake ni kwamba anayasikiliza maneno, na sisi tunayatema tu. Keti naye umweleze: neno hili watu walikubaliana lishike upande mmoja, upande wa walio wengi, na nyinyi mashoto mtusamehe. Ataelewa hapo hapo, halafu atakuuliza walikubaliana lini na nani alikuwepo. Na huo uzi mfungue. Si ndama.

Kuna jambo jingine, na hapa sicheki. Barua yako nimeisoma nikarudia, nikitafuta swali la Chiriku. Zamani ulikuwa huwezi kukata simu bila kunisimulia swali lake jipya, hata nikikwambia nimeacha sufuria jikoni. Safari hii hakuna hata moja. Umeniandikia "amekuwa mtulivu". Mtulivu nani? Chiriku? Anakula? Analala? Usinifiche.

Nijibu upesi. Dereva nimemwambia asilale na barua hii.

Shangazi yake mtoto


20 Aprili

Wifi,

Shikamoo, kama bado unaipokea. Kimya chako nimekiona. Dereva amekuja mara kadhaa mikono mitupu, ananiambia hana mzigo wangu. Umenuna kwa ajili ya likizo? Sikujua wewe ni mtu wa kununa kimyakimya, nilikuzoea ukinuna kwa kelele.

Mtihani umepita. Wa kuandika aliumaliza kabla ya wenzake, akafunika karatasi, akaweka mikono mapajani kama alivyofundishwa. Baadaye kulikuwa na mazungumzo, mtoto mmoja mmoja, na mzazi anaruhusiwa kukaa nyuma mradi asikohoe. Kilikuwa chumba kikubwa chenye viti vingi vilivyopangwa ukutani bila watu, na meza ndefu, na wakubwa wawili, mwanamke na mwanamume, wote wapole. Wakamwonyesha picha, akajibu. Wakamwambia ainue mkono wa kulia, akatazama uzi, akainua. Kila kitu sawasawa.

Mwishoni yule mwanamke akafunga faili, akamtabasamia, akamwambia, "Sasa zamu yako. Wewe una swali lolote ungependa kutuuliza?"

Wifi, nilitaka kucheka. Nikasema moyoni, leo watajuta, watatoka humu jioni. Chiriku akageuka akanitazama. Halafu akawatazama wao. Akasema, "Hapana, asante."

Nilijivunia. Nakwambia ukweli, nilijivunia ile adabu mpaka tulipofika kituoni. Tulipokaa kwenye basi ndipo nilipokumbuka vile viti. Chumba kile kilikuwa na viti vitupu vingi kuliko ukumbi wa harusi, na mtoto huyu hakuuliza ni vya nani. Nikamwambia, viti vile vyote vya nini, unadhani? Akaniambia, "Sijui, Mama. Hatukufanya hiyo."

Hawakufanya hiyo! Kwamba kwenye mazoezi haikuwemo.

Nilimpeleka kwa Mama Saa nimtafutie mahali pa kuuliza. Na ili afike huko nimemfundisha kunyamaza. Nimeliandika nikalisoma, na bado sijui ningefanya nini tofauti. Tumbo limekuwa likimuuma asubuhi tangu mwezi wa pili. Daktari hajaona kitu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utasema nini, na nilijua ungekuwa na haki, na sipendi ukiwa na haki, unavimba.

Niandikie, hata kwa kugomba.

Mama yake Chiriku


4 Mei

Wifi yangu,

Marahaba, tena marahaba. Sikununa. Nilikuandikia tarehe kumi na moja mwezi wa tatu! Nilipopata barua yako nilimwendea dereva pale getini nikamshika shati. Akaapa, akalia, akala yamini. Tukafungua gari lote. Barua tumeikuta chini ya boksi ambalo huwa halishuki, alilolitia chini ya kiti chake kisiyumbe. Amekuwa akiikalia mwezi na ushee, anakwenda na kurudi na mimi na wewe chini yake. Naiambatanisha hapa. Isome kwanza, halafu urudi kwenye hii. Ina madoa, na sitataja ni ya nani, bado nimekatazwa.

Umeisoma? Basi unajua nilichokuuliza wakati ule, na wewe umenijibu bila kuulizwa.

Sina la kukucheka leo. Nimejaribu, sikuweza. Kwa habari ya mwavuli umenishinda. Ni kweli, mimi nimekaa mahali pakavu nakuchekea wewe unayelowa, na mwalimu mwenye watoto waliojaa mpaka kwenye mifagio si wewe uliyemjazia. Ungemwacha hivyohivyo pia ungejilaumu. Kwa hiyo usijipige kifua kupita kiasi, utaumia bure, na mdogo wangu hajui kumuuguza mtu.

Lakini mtoto asiyeuliza viti ni vya nani, huyo simtaki, nirudishie wangu. Mweleze lile neno. Mwambie alikuwa amesema kweli, na mwambie wewe, si mtu mwingine. Halafu usimuulize maswali kwa muda. Usimpime, usimwambie "hii unaionaje", usimwonyeshe mawingu umwambie yanafanana na nini. Kaa naye tu, menya viazi.

Na likizo ya mwezi wa sita mlete. Chumba nilimpakia yeye. Nilichagua rangi siku nzima, muuza rangi akanichoka. Namkumbuka mpaka nikisikia mlango unagongwa nainuka. Haya, nimesema, sasa na wewe usivimbe.

Shangazi yake


8 Juni

Wifi,

Shikamoo ya kweli hii, itunze, sijui nyingine itatoka lini.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliisomea stoo, katikati ya makasha ya fremu. Nilicheka, halafu nikakumbuka nilivyomshusha mtoto kitini mbele ya wateja, na kicheko kikaishia hapo. Alikuwa amenijibu sawasawa. Mimi ndiye sikusikia nilichouliza. Siku hizi mteja akikaa namwambia "funika hili" na kulinyooshea kidole. Bosi anadhani nimechoka.

Jioni ile nilichukua mkasi, nikaukata ule uzi. Nikamwambia, "Mkono wako wa kulia chakula ni huu hapa. Ulikuwa umesema kweli. Watu wanaposema kulia wanamaanisha ule mwingine, kwa sababu wao ndio wengi, ni mapatano tu." Akauangalia mkono, akaugeuza. Akasema, "Kwa hiyo sikukosea?"

Nikamwambia hukukosea. Akaondoka akaenda kucheza. Mimi nikabaki na mkasi. Lilikuwa swali, wifi. Dogo, lakini lilikuwa swali.

Hakuuliza jingine wiki ile. Nilimenya viazi mpaka mdogo wako akauliza kama tunafungua hoteli. Tumbo likaacha kuuma. Siku moja tukiwa tunaanua nguo akaniambia, "Mama, soksi moja ikipotea, iliyobaki ni soksi nzima au nusu?" Nikajifanya natafuta kibanio chini ili asinione uso.

Ndipo majibu yakaja. Amefaulu! Amepata nafasi, wifi, tena na maneno mazuri. Sikujua nifurahi vipi. Jirani wa juu alikuwa wa kwanza kushuka, sijui alisikia wapi. Akanikumbatia mlangoni, "Hongera, Mama Chiriku! Umefaulu! Nilijua utafaulu tu!" Mdogo wako akarudi, naye hongera, umefanya kazi kubwa. Dukani hongera, bosi akanishika mkono. Mama Saa alinipigia simu, "Tumefaulu!" Siku nzima Chiriku yuko pembeni yangu anasikiliza, anageuza shingo huku na huku. Jioni wageni walipoondoka akanivuta kanga.

"Hongera, Mama," akasema. "Sasa unaanza shule lini?"

Mdogo wako alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikuweza. Miezi yote ile nimemuuliza mtoto huyu pembe za kila umbo, nimemuuliza nini kinafuata baada ya nini, nani hayumo kwenye kundi. Nikakaa chini sakafuni, nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza. "Chiriku, wewe unataka kwenda?"

Nilitegemea ndiyo au hapana. Kwa Mama Saa watoto walikuwa wanajibu kabla swali halijaisha. Yeye akaanza kuvuta uzi wa zulia, akavuta, akavuta, akaniambia, "Naweza kufikiria kwanza?"

Nikamwambia fikiria.

Basi anafikiria. Anaingia jikoni anauliza kule wanakaa watatu watatu au wawili wawili, anaondoka. Anarudi anauliza kama mwalimu wa kule asipojua kitu anasema hajui, au anasema tutasoma mwakani. Hilo nimemwambia sijui. Jumamosi anakuja kwako na gari la dereva wenu, atakaa mbele, na hilo boksi la kukalia nimemwambia dereva alitupe. Usimuulize ameamua nini. Nakujua. Jiume ulimi kama mimi.

Tatizo lilikuwa kwamba nafasi ilitakiwa kuthibitishwa mwisho Ijumaa iliyopita. Jumatano nilimkuta amekaa ngazini peke yake, nikasogea nimuulize, nikageuka nikarudi ndani. Sikulala vizuri. Ijumaa asubuhi nikaomba ruhusa dukani, nikaenda mwenyewe mpaka shule yenye uzio wa kijani, nikasimama kwenye dirisha la karani, nikaomba waniongezee wiki mbili.

"Kuna mgonjwa?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, mtoto bado anafikiria.

"Anafikiria nini?"

"Kama anataka kuja."

Akavua miwani yake akaiweka juu ya makaratasi. "Mama," akasema, "hapa ni darasa la vipaji. Tangu nianze kazi sijapata kuona mtoto anaomba muda wa kufikiria."

Nikamwambia basi mwandike huyu, ndiye wa kwanza.

Wifi yako